Darubini inayohama kwenye bunduki: kabla ya kulaumu kioo, tazama ringi

"Shikamoo fundi. Nina bunduki ya uwindaji CZ 550 Magnum ya risasi za .375 H&H. Niliirithi kwa marehemu baba na leseni imeshahamia kwa jina langu. Juzi nimenunua darubini ya 3-9×40 pamoja na ringi za kuishikia juu ya bunduki. Muuzaji alinipa ringi ndefu, akasema darubini ikikaa juu ndiyo unaona vizuri. Bomba lilikuwa linacheza ndani ya ringi hata nikikaza mpaka mwisho, nikakata tyubu ya baiskeli, nikaizungushia mara mbili, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Uwanjani, kwa mita 100, risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja. Baada ya hapo moja ikaruka juu, nyingine ikaenda kushoto shubiri nzima. Ya saba darubini ikanipiga juu ya jicho. Rafiki yangu ananiambia nimimine supa gluu. Je, darubini ni feki? Nibadilishe ringi au nibadilishe vyote? Niko Muheza."

Marahaba, mwanangu. Tuanze na jicho, bunduki itasubiri. Kama ngozi ilipasuka, au tangu siku ile unaona ukungu, vimulimuli au kivuli upande mmoja, nenda hospitali leo hii. Jeraha la nyusi kwa kawaida hupona kwa nyuzi mbili tatu, lakini kilicho ndani ya jicho hakionekani kwa kioo cha kunyolea.

Sasa bunduki. Naona unachotaka kujua ni pesa yako imeliwa wapi, kwenye kioo au kwenye chuma kinachokishika. Sijaishika silaha yako, lakini dalili ulizoandika zote zinaelekea upande mmoja. Darubini ikiwa feki, ndani yake ndimo mnamocheza: unazungusha vifundo vya kurekebishia shabaha, risasi haisogei. Bomba kucheza ndani ya ringi ni habari nyingine, ni vipimo viwili visivyojuana.

Mabomba ya darubini za uwindaji yana unene wa aina chache. Lipo la inchi moja, yaani milimita 25.4, lipo la 30, na siku hizi lipo la 34 kwa wapiga shabaha wa mbali. Darubini nyingi za 3-9×40 (ukuzaji wa mara 3 hadi 9, kioo cha mbele cha milimita 40) ni za 25.4. Nina hakika karibu yote kwamba umeuziwa ringi za 30. Tofauti ni milimita 4.6, na tyubu ya baiskeli iliyozungushwa mara mbili hujaza pengo hilo takriban sawasawa. Sisi wa Tanga kwa baiskeli hatujambo, tyubu kuukuu haikosekani nyumba yoyote, kwa hiyo siwezi kukushangaa. Vua darubini, ipeleke peke yake kwa fundi yeyote wa vyuma mwenye kalipa, kile kipimo cha unene, apime bomba na apime duara la ringi. Bunduki ibaki kabatini imefungwa, haina safari ya gereji.

Miguu ya ringi zako huenda haina kosa. CZ 550 haihitaji kutobolewa wala kuongezewa reli, kwa sababu juu ya mgongo wake kiwanda kimeshachonga vitako viwili vya kushikia ringi, upana wake milimita 19. Ringi za bunduki ya upepo au ya .22, ambazo nyingi ni za milimita 11, hazikai pale. Kwa kuwa zako zimekaa, basi kosa liko juu, kwenye duara. Isipokuwa kama muuzaji alikuwekea kipande cha reli juu ya vile vitako kisha ringi juu ya reli. Hapo ghorofa imejengwa juu ya ghorofa, na tutarudi kwenye urefu baadaye.

Nataka ukielewe kinachotokea unapovuta triga, maana ukikielewa hicho, mengine yote utayaamua mwenyewe bila kuniuliza. Watu hudhani teke la bunduki huitupa darubini nyuma, kwenye uso wa mpigaji. Sivyo. Darubini imetulia mahali pake na haina haja ya kwenda popote. Bunduki ndiyo inayorudi nyuma kwa kasi, na ringi ndizo zinazolazimika kuikokota darubini ifuatane nayo. Zikishindwa kuikokota, bunduki hurudi na darubini hubaki, ndiyo maana ukitazama kwenye bomba utaona alama ya mkwaruzo inayoonyesha limeteleza kuelekea mbele, kwenye mdomo wa mtutu. Angalia yako, nadhani utaikuta. Kilichokupiga juu ya jicho ni bunduki nzima ilipokurudia ikiwa na darubini juu yake.

Teke la .375 H&H ni zaidi ya mara mbili ya lile la .308, risasi ya kawaida ya uwindaji. Bunduki ya kilo 4 na kitu inarudi kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde, na inaifikia kasi hiyo ndani ya sehemu mbili au tatu kati ya elfu moja za sekunde moja. Ukipiga hesabu ya kukadiria kwa darubini ya gramu 400, kwa kitambo hicho kifupi ringi zako zinavuta kitu chenye uzito kama wa kilo 80. Hilo ni gunia la mahindi lisilojaa sana, linanyakuliwa kwa vifuniko viwili na skrubu nane ndogo. Risasi ya kwanza mpira ulibonyea ukarudi. Ya pili ukabonyea ukarudi, ila haukurudi palepale. Kufikia ya nne hapakuwa tena na "palepale".

Kitu kidogo tu hutosha kuharibu. Tuseme ringi mbili zimeachana milimita 130. Nyuma ya darubini ikinyanyuka kwa milimita 0.1, unene wa karatasi ya daftari, shabaha ya mita 100 inahama karibu sentimita 8. Karatasi tatu, sentimita 23, ndiyo ile shubiri yako. Mpira wa baiskeli hauwezi kuahidi kukaa ndani ya unene wa karatasi. Darubini yako imekuwa kama tunavyousema mji wetu, waja leo waondoka leo.

Kukaza kwa nguvu zote nako hakukusaidia, na pengine ndiko kulikoleta hasara ya kweli. Bomba la darubini ni alumini nyembamba. Ndani yake mna bomba jingine dogo linalobeba ule msalaba wa kulengea, na hilo dogo ndilo linalosogezwa unapozungusha vifundo vya juu na vya pembeni. Bomba la nje likibanwa mpaka likabonyea, la ndani linakwama au linasogea kwa kurukaruka. Pitisha kidole polepole pale ringi ziliposhika. Mchubuko wa rangi si kitu. Ukihisi bonde, hiyo ni habari nyingine, na hapo nitasema kweli kwamba huenda ukahitaji darubini mpya hata kama hii haikuwa feki uliponunua. Mpira huenda umekuokoa upande huu. Tutajua ukishaifungua.

Supa gluu usiimimine. Ikikauka inakuwa kama kioo, na kitu kama kioo kikigongwa kwa teke la .375 kinapasuka. Halafu ukitaka kuitoa utatumia moto, na moto utaharibu mpira unaozuia maji kuingia kwenye darubini. Mafundi wa zamani waliokuwa wakihangaika na bunduki kubwa walinyunyiza unga wa ulimbo ndani ya ringi, nao angalau unatoka kwa spiriti. Lakini hata wao walianza na ringi ya saizi yake.

Nije kwenye hili la "ikikaa juu unaona vizuri". Muuzaji alikuwa na ringi ndefu stoo, basi. Unavyoona kupitia darubini havibadiliki kwa kuipandisha. Kinachobadilika ni shavu lako. Kitako cha bunduki yako kimechongwa ili shavu litulie juu yake na jicho lijikute lenyewe nyuma ya kioo. Darubini ikipanda sana, shavu linaachana na mbao, shingo inanyooka kama ya mtu anayechungulia uani kwa jirani, na kila risasi kichwa kinakaa mahali tofauti kidogo. Darubini nyingi za uwindaji zimerekebishwa kiwandani ili msalaba na picha vikutane barabara kwenye umbali mmoja, mara nyingi karibu mita 90. Nje ya umbali huo, jicho likihama kutoka katikati ya kioo, msalaba nao unahama juu ya mnyama. Kanuni ya mafundi ni fupi: darubini ikae chini kadiri inavyoweza, bila kugusa kitu.

Kuna namna ya kupima "bila kugusa kitu" kabla ya kutoa hata shilingi. Laza rula iliyonyooka juu ya vile vitako viwili iende mbele juu ya mtutu, kisha pima pengo kati ya rula na mtutu pale mdomo wa mbele wa darubini utakapofika. Tuseme ni milimita 6. Kioo cha mbele ni cha 40, lakini usipime kioo, pima mdomo wote kwa nje. Tuseme ni milimita 47, nusu yake 23.5. Toa 6, inabaki 17.5. Ongeza milimita 3 za hewa, unapata 20.5. Huo ndio urefu kutoka juu ya vile vitako viwili mpaka katikati ya bomba. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi huliwa: watengenezaji wengine huandika urefu mpaka katikati ya bomba, wengine mpaka chini yake. Mpaka chini, toa nusu ya 25.4, yaani 12.7, na ringi ileile inaitwa ya milimita 8. Maneno "fupi", "wastani" na "ndefu" kwenye boksi hayana maana yoyote mpaka uone namba, kwa sababu fupi ya mmoja ni wastani ya mwingine.

Bunduki yako ina jambo la ziada. CZ 550 Magnum nyingi zina kilengeo cha chuma juu ya mtutu, chenye jani moja la kusimama na mengine ya kukunja. Kama mdomo wa darubini utafika juu yake, pima pengo mpaka kwenye kilengeo, usipime mpaka kwenye mtutu. Kisha nyanyua mkono wa bolti, kile chuma unachovuta kupakia risasi, na uhakikishe haugongi kioo cha jicho.

Ningekuwa mimi, ningenunua ringi za chuma zilizotengenezwa mahususi kwa CZ 550, za 25.4, fupi kadiri hesabu yako itakavyoruhusu. Kiwanda chenyewe kimekuwa kikizitoa, na Warne na Talley wa Marekani wanazo pia. Angalia kama ringi mojawapo ina jino chini, linaloingia kwenye kijishimo cha mgongo wa bunduki. Kwenye .375 jino hilo lina thamani kuliko jina lililoandikwa pembeni, maana kinachozuia kuteleza hapo ni chuma kugota chuma, hakitegemei msuguano peke yake. Alumini si mbaya, kwa bunduki ya risasi ndogo ya .243 ningekuambia okoa pesa na gramu. Kwa bunduki hii, hapana. Zipo pia pete za plastiki ngumu za kugeuza ringi ya 30 ishike 25.4, nazo zinafanya kazi kwenye bunduki ndogo, lakini kwako wewe ni kuongeza tabaka jingine la kuteleza. Na mtu akikushawishi ubadilishe darubini uchukue ya bomba la 30 "kwa sababu inaingiza mwanga zaidi", mpuuze. Mwanga unaokufikia huamuliwa na kioo cha mbele, ukuzaji uliouchagua na ubora wa vioo. Unene wa bomba la katikati hukupa hasa nafasi ya kuzungusha vifundo.

Ringi za kuvua haraka kwa mkono? Kama kibali chako ni cha nyati, zina maana, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akiingia kichakani utataka kuvua darubini na kutumia vilengeo vya chuma. Lakini nunua nzuri au acha. Za bei rahisi hazirudi mahali palepale, na utakuwa umelipa pesa kununua tatizo ulilonalo sasa.

Siku ya kufunga, toa bolti, ondoa risasi zote kwenye chumba unachofanyia kazi, kisha angalia tena chemba kwa kidole. Futa vitako, ringi na bomba kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mafuta ndani ya ringi ni adui, hata tone. Weka nusu za chini, laza darubini, na kaza ringi moja tu kidogo. Tazama upande wa pili: bomba likinyanyuka au kuvutwa pembeni, ringi haziko kwenye mstari mmoja, na kukaza zaidi ni kulipinda bomba. Hapo zinahitaji kusagwa kwa fimbo maalumu na unga laini. Usichukue ile gundi ya kusagia vali za injini ukamaliza kazi jioni moja. Nimeletewa ringi zilizosagwa hivyo, zilikuwa zimepanuka mpaka hazishiki tena kitu.

Umbali wa jicho ndio uliokuumiza, kwa hiyo usifanye haraka hapa. Kwa .375 nataka kati ya jicho na kioo pawe na sentimita 9 hadi 10. Weka ukuzaji wa 9, funga macho, peleka bunduki begani kama unavyoipeleka porini, ukiwa na nguo utakazovaa porini, ndipo ufumbue. Ukiona duara jeusi pembeni, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Rudia ukiwa umesimama na bunduki ikiegemea magongo, umekaa, na umelala kifudifudi, kwa maana ukilala kichwa husogea mbele na zile sentimita 9 zinakuwa 7. Ikibidi kuchagua, chagua mbele.

Kuunyoosha msalaba, tumia timazi ya fundi mwashi. Ining'inize kwenye ukuta mweupe mita 20 mbele, iweke bunduki sawa kwa pimamaji ndogo juu ya mgongo wake, kisha zungusha darubini mpaka uzi wa wima ulale juu ya kamba ya timazi. Kaza skrubu za vifuniko kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huku na huku, mapengo ya pande mbili yabaki sawa. Nguvu ya mwisho ni nyutoni mita 1.7 hadi 2, au inchi-pauni 15 hadi 18, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Toki ya fundi gari, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, haifai. Ile huanzia juu mno, na mtu akichanganya futi-pauni na inchi-pauni anakaza mara 12 ya inayotakiwa. Kama huna toki ndogo, shika spana ya aleni kwa mkono wake mfupi, vidole viwili na gumba, na ikigoma acha. Skrubu hizo ziwe kavu, bila gundi wala mafuta, kwani uzi wenye mafuta hukazika zaidi ya unavyodhani. Gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea ni ya vitako vilivyofungwa kwa skrubu, ambavyo wewe huna. (Wasomaji wenye reli ya Weaver au Picatinny: kabla ya kukaza, sukumeni ringi mbele mpaka ufito wake ugote ukuta wa mbele wa mfereji. Sababu mmeshaisoma hapo juu.)

Kisha, bolti ikiwa bado nje, tazama kupitia ndani ya mtutu alama iliyo ukutani, uilete ikae katikati, na bila kuitikisa bunduki zungusha vifundo mpaka msalaba uikute alama hiyohiyo. Uwanjani anza kwa mita 25, usianze 100. Kumbuka mlio mmoja wa kifundo, wa robo dakika (dakika hapa ni ya pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii), husogeza risasi milimita 7 kwa mita 100, lakini kwa mita 25 haufiki hata 2, kwa hiyo kosa la sentimita 8 pale linataka milio kama 44. Wengi huzungusha 11, wakaona risasi haijafika, wakasema darubini ni feki. Na iwe uwanja unaoruhusiwa. Pori la pembeni mwa shamba si uwanja, na upande wa Saadani ni hifadhi ya taifa, mlio wa .375 kule utakuletea wageni.

Kabla ya yote hayo kagua skrubu zinazofunga chuma cha bunduki kwenye mbao, kwa chini. Zikilegea, risasi hutawanyika vilevile kama darubini mbovu. Tazama pia mbao nyuma ya chuma, pale mkono unaposhika, kama kuna ufa mwembamba. Bunduki kubwa za aina hii nimeziona zikipasuka hapo. Ufa, skrubu iliyokatikia ndani, ringi zisizo kwenye mstari, au bomba lenye bonde, hayo si ya kumaliza mezani nyumbani. Nenda kwa fundi silaha mwenye leseni, wewe mwenyewe, ukiwa na kitabu chako cha umiliki. Usimwachie mtu asiye na leseni hata kwa saa moja, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani na hilo.

Hewa ya pwani nayo. Chumvi inapanda mpaka Muheza, hasa upepo wa kusi ukivuma, na alumini ikikutana na skrubu ya chuma mahali penye unyevu wa chumvi, viwili hivyo hulana mpaka skrubu isitoke. Ukishakaza, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kwa nje tu, na usiihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi au ya kitambaa wakati wa masika. Ala hunyonya unyevu na kuushikilia.

La mwisho, omba rangi ya kucha nyumbani. Chora kistari kimoja chembamba kinachovuka kutoka kwenye ringi kwenda kwenye bomba, na kingine kutoka kwenye ringi kwenda kwenye mgongo wa bunduki. Piga risasi kumi, kisha tazama. Vistari vikibaki vizima na risasi bado zinatawanyika, darubini ndiyo mgonjwa, idai kwa muuzaji. Vikikatika, niandikie ni kipi kimekatika, cha juu au cha chini, na kwa milimita ngapi.